Nataka sauti nene ya valvu kwenye gita la besi, nipo Malindi. Nishaurini

BesiMalindi (mwanzisha uzi)
Assalam aleykum, na hamjambo nyote. Napiga gita la besi kwenye bendi ndogo hapa Malindi. Siku za kazi tuko hotelini, rumba kidogo wageni wakila, chakacha wakishachangamka. Harusi ikitokea twaenda. Shida yangu ni sauti. Ampu yangu (amplifaya) ni ya transista, wati 150, spika moja ya inchi 15 na honi ndogo ya sauti za juu juu yake. Sauti inatoka kavu kama mtu anagonga meza. Nikiongeza besi inavuma tu, nikiongeza midi (sauti za kati) inapiga kelele. Nataka ile sauti nene ya ampu za valvu (zile taa za kioo kama za redio za zamani), noti ikipigwa inajaa na inakaa. Je, ninunue ampu ya valvu, au kuna njia? Anayejua vyombo anijibu. Mzaha sitaki, usiku silali kwa jambo hili.

KaskaziKali
Ampu ya valvu kwa joto la Malindi? Nunua, bwana. Jioni wapiga besi, asubuhi wapikia chapati juu yake.

MzeeWaUdi
Mwanangu, sisi tumekulia kwenye redio za valvu. Waiwasha, wangoja ipate moto, ndipo sauti ije yenyewe taratibu. Kwetu ilikuwa moja mtaa mzima, na mwenye redio alikuwa na heshima kuliko mwenye gari. Jioni watu wakikaa barazani, watoto wakifukuzwa wasiguse kifundo. Siku hizi kila mtu ana spika ya bluutuu na hakuna anayesikiliza. Besi kwenye twarabu ilikuja baadaye, na waliopiga vizuri walipiga kwa kidole gumba, polepole, karibu na shingo la gita. Si pale karibu na daraja mnapogonga nyinyi vijana. Ampu ni mkono wako. Swali lako nimeshalijibu.

FundiTransfoma
Mzee kasema la kweli kuhusu mahali pa kupiga, ukisogea kuelekea shingo noti inanenepa. Lakini tuanze na vyombo. Nyuzi zako ni za aina gani? Honi imewashwa? Na waya wako unatoka wapi kwenda wapi?

Valvu inafanya nini: ukiisukuma, haikati kilele cha wimbi ghafla kama transista ya kawaida. Inakibonyeza kidogo kidogo, na hapo inaongeza hamoniki, yaani sauti ndogo za juu zinazoifuata noti. Ndiyo maana sikio linasema "imejaa". Ila neno kubwa hapo ni *ukiisukuma*. Ampu kubwa ya valvu ikipigwa kwa sauti ya chini ni safi tu, hutasikia ulichonunua.

BesiMalindi
Shukran fundi. Nyuzi ni za kawaida, zile zenye mikwaruzo, nimefunga mpya juzi tu maana chumvi ya hapa inakula chuma. Honi iko wazi muda wote. Kuhusu wati, kwani wati 300 ni nyingi kwa hoteli?

MkuuWaKinondoni
Mkuu, mimi niko Dar, napiga kanisani na kwenye bendi. Nilikuwa na ugonjwa huo huo. Dawa ni pedali, kile kisanduku cha kukanyaga cha kubadili sauti. SansAmp ya Tech 21, ile ya besi, ndani ni transista tupu lakini imetengenezwa kuiga valvu pamoja na spika yake. Inaingia mfukoni. Na badilisha nyuzi, weka zile bapa zisizo na mikwaruzo. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alipiga besi ya Fender Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa, kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja, na pale Detroit mara nyingi gita liliingia moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodi bila ampu mbele yake. Sauti hiyo mpaka leo watu wanaitafuta. Nyuzi bapa hukaa sana, hata zikizeeka ndio kwanza zinakolea.

BintiShela
Samahani, mimi si mpiga gita, ni mke wa mpiga kinanda. Mbona mwenye uzi ameuliza wati 300 na hakuna aliyemtajia wati 300?

FundiTransfoma
Dada umeona mbali. Ndugu, umeniruka pia swali la waya. Wageni wanakusikia kupitia ampu yako, au unaingia kwenye mikisa ya hoteli (mtambo wa kuchanganya sauti za bendi na kuzipeleka kwenye spika kubwa)? Halafu sema ukweli: ampu unaiwaza tu au umeshaiona mahali?

BesiMalindi
Hotelini naingia kwenye mikisa. Nyuma ya ampu kuna tundu la pini tatu, waya watoka hapo. Ampu iko nyuma yangu ili nijisikie mwenyewe.

Na ampu, ndiyo, nimeshaipata. SVT ya Ampeg, iko kwa mtu Mombasa, kichwa peke yake (ampu bila spika), spika nitatumia hii yangu. Nimetanguliza nusu. Lakini hilo halibadilishi swali. Ampu hizo zilitoka 1969, wati 300, valvu 14, wapiga besi wakubwa wa dunia wamezitumia. Kitu kama hicho hakipiti Pwani kila siku, na bei ni ya kutupa. Ningengoja ushauri ingeshanunuliwa.

BintiShela
Nusu umetoa wapi? Mpiga besi wa hoteli namjua anavyolipwa, nafua mashati ya mmoja wao.

BesiMalindi
Mfuko wa bendi. Mimi ndiye mweka hazina. Pesa ni za vyombo na ampu ni chombo, sijala pesa ya mtu. Kiongozi nitamwambia ikifika. Akiisikia mwenyewe hatauliza.

MzeeWaUdi
Lahaula. Mali ya shirika haiguswi bila shauri. Wakati wetu bendi nzima ilivunjika kwa ajili ya fidla moja, na fidla yenyewe ilikuwa na ufa.

KaskaziKali
Mzee hiyo hadithi ya fidla itupe yote, hii ya ampu twaijua mwisho wake.

MkuuWaKinondoni
Mimi simlaumu. Vyombo vizuri havingoji vikao. Kwetu tulikaa vikao mpaka kinanda kikanunuliwa na kanisa la jirani.

Mdadisi_wa_Gede
Samahanini, nyote mmeingia mtegoni. Huu uzi ni wa kutunga. Someni tena. Maskini wa hoteli, hajui honi ifungwe au iachwe, lakini ghafla anajua mwaka, wati na idadi ya valvu kwa kichwa. Halafu "bei ya kutupa", "hakipiti Pwani kila siku". Hiyo ni lugha ya dalali. SVT kichwa peke yake ni karibu kilo 39. Hoteli za hapa bendi zafika kwa tuktuk. Yaani kila jioni mwabeba kilo 39, na kinanda, na ngoma, na waimbaji? Muuzaji ni yeye, kesho atakuja mwingine kuuliza "bado ipo?"

KaskaziKali
Bado ipo?

BesiMalindi
Mimi si dalali! Nimekulia Maweni, hapa Malindi wanaonijua wapo. Mwaka na valvu nimesoma kwa sababu nimeitaka kwa miaka, mtu hasomi kitu anachokipenda? Tuktuk tunakodi mbili, basi. Hizi hapa picha nilizotumiwa na mwenye ampu, mbele na nyuma. Kama ni uongo niambieni nimezitoa wapi.

Mdadisi_wa_Gede
Picha hata mimi ninazo.

FundiTransfoma
Acheni hayo kwanza. Nimekuza picha ya nyuma. Chini ya tundu la umeme imeandikwa 120V, 60Hz. Ndugu, hiyo ni ya Marekani. Umeme wetu ni volti 240. Ukiichomeka ukutani hutapata sauti nene wala nyembamba, utapata moshi. Muuzaji amekwambia?

BesiMalindi
Alisema nitumie stabilaiza, na stabilaiza ninayo, ya friji.

FundiTransfoma
Stabilaiza inaituliza 240 ibaki 240. Haiishushi. Unahitaji transfoma ya kushusha, 240 kwenda 120, na kwa ampu hii isiwe ya kuchajia simu, tafuta inayobeba wati 1000 au zaidi. Ni dude zito peke yake, ongeza tuktuk ya tatu. Hata hivyo herzi (mitetemo kwa sekunde) zitabaki 50, kwa hiyo transfoma ya ndani itapata joto zaidi ya ilivyopangiwa. Baadhi ya ampu transfoma yake inakubali kubadilishwa waya ndani ikawa ya 240. Hilo lifanywe na fundi aliyezoea valvu, maana ndani kuna mamia ya volti na kapasita hushika umeme hata ukishachomoa. Watu hufa hapo.

La pili. SVT inatoa kwa omu 2 au 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Spika yako moja ya inchi 15 yaelekea ni omu 8, na imepangiwa wati 150. Haziendani. Na ampu ya valvu haiwashwi kabisa bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua. Kwa hiyo hujanunua ampu, umenunua kichwa kinachodai kabati, na lile kabati lake la spika nane za inchi 10 linapita kilo 60.

La tatu ndilo lako hasa. Wageni hawaisikii ampu yako, wanasikia kinachotoka kwenye lile tundu la pini tatu. Pembeni yake kuna swichi ndogo, PRE na POST. Ikiwa kwenye PRE, sauti inatoka kabla haijapita kwenye vifundo vyako. Unazungusha besi na midi usiku kucha, na kwenye mikisa hakuna kinachobadilika. Hata ukiwa na SVT, sauti ya mikisa ikichukuliwa kabla haijapita kwenye valvu, valvu zote hizo zitakuwa zinakupigia wewe peke yako.

Leo fanya hivi bila kutoa senti: swichi iweke POST, honi uifunge kabisa, kifundo cha toni kwenye gita kirudishe nusu, trebo punguza. Besi usiiongeze. Ongeza kidogo eneo la herzi 200, unene mwingi unaousikia uko hapo. Noti ya uzi mnene kuliko zote wa besi ni kama herzi 41 na spika nyingi za hoteli hazifiki huko, zinatetemeka tu. Kisha piga karibu na shingo kama alivyosema mzee.

Mdadisi_wa_Gede
Fundi, wewe nawe usije ukawa wauza transfoma.

FundiTransfoma
Ninauza. Lakini sijamtajia bei.

BintiShela
Na kiongozi wa bendi aambiwe leo, si ikifika. Haya ya omu siyajui, ya pesa nayajua.

BesiMalindi
Nimerudi hotelini sasa hivi. Swichi ilikuwa PRE. Sijui tangu lini. Nimeiweka POST, honi nimefunga, na mtu wa mikisa ameniuliza kama nimebadilisha gita. Bado si ile sauti ninayoitaka, lakini chakacha ya mwisho ilikaa.

Kiongozi bado, leo alikuwa na wageni. Alhamisi naenda Mombasa kuiona ile ampu. Kuiona tu.

MzeeWaUdi
Kuiona tu.

FundiTransfoma
Basi nenda na mita ya omu, na usikubali aiwashe bila spika ati akuonyeshe taa zinavyowaka. Nusu yako mwombe airudishe kwanza, bei baadaye.

KaskaziKali
Na hiyo ya transista waiuza pesa ngapi?

BesiMalindi
Siiuzi.