Naomba ushauri: nishati ya woomera inatoka wapi?

Habari zenu ndugu zangu, hasa walimu wa fizikia. Tunaishi Australia, na mwanangu wa miaka 13 amepewa kazi ya shule kuhusu kani na mwendo. Amechagua woomera, kibao cha kurushia mkuki cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Jina limetoka katika lugha ya Kidharug, ya upande wa Sydney, na ndilo ulilopewa uwanja wa majaribio ya roketi ulioanzishwa 1947 huko South Australia.

Ncha ya kibao ina kijino kinachoingia kwenye kishimo cha kitako cha mkuki. Ukirusha, ni kama mkono umerefuka, yaani wenzo. Nikamwambia: mkono sm 60, kibao sm 60, ukizungusha vilevile, ncha inakwenda kasi mara 2, kwa hiyo nishati mwendo ni mara 4. Akanikazia macho: "Baba, hizo mara 4 zimetoka wapi, na mkono ni uleule?"

Nilikwama kabisa. Nadhani kijino kinausukuma mkuki kwa umbali mrefu zaidi, hivyo misuli inafanya kazi kubwa zaidi. Ila mzigo ukiwa mbali na bega, mkono hauwezi kuzunguka kwa kasi ileile, basi mara 4 yangu imezidi. Niko sahihi? Nimweleze vipi aelewe?

Halafu anataka kuchonga cha kwake. Hili linanigusa zaidi, maana ni mali ya watu wenye nchi yao. Mliowahi kushirikiana na wazee wa Kiaborijini, mlianzaje kuomba ruhusa?