Mifumo ya serikali inatambua malipo yetu papo hapo lakini haitutambui sisi wenyewe. Nani anawajibika?

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Nina duka la steshenari katika mji mmoja mkoani Morogoro. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu si kuuza madaftari wala kutoa kopi, bali kuwajazia wananchi maombi kwenye mifumo ya taasisi za umma: leseni za biashara, ajira, mikopo ya wanafunzi, vyeti vya kuzaliwa, namba ya mlipakodi. Ninayoyaona pale yamenichosha na yamenikasirisha, na ninayaandika hapa kwa utaratibu ili mhusika yeyote atakayesoma asipate kisingizio cha kuyapuuza.

Kuna binti mmoja, mhitimu wa kidato cha sita, ambaye jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye vyeti vyote vya shule ni Zuhura. Katika rejesta nyingine ya serikali, ambayo sitaitaja kwa kuwa tatizo hili si la ofisi moja, karani aliandika Zuhra. Binti alipoomba huduma aliyostahili, mfumo ulimrudishia maneno mawili tu, "taarifa hazifanani", bila kumweleza ni taarifa ipi, wala hazifanani na nini, wala aende wapi. Alikwenda ofisi ya kwanza akaambiwa kosa liko ya pili. Ya pili wakamwambia alete kiapo cha wakili, na alipe ada ya marekebisho. Alipewa namba ya malipo, akalipa kwa simu akiwa amesimama mbele ya meza yangu, na kabla hajairudisha simu kwenye mkoba ujumbe wa kuthibitisha kwamba serikali imepokea fedha yake ulikuwa umeshaingia. Herufi moja iliyokosekana haikurekebishwa hadi dirisha la maombi likafungwa. Karani ndiye aliyekosea, binti ndiye aliyelipa, na hadi leo hakuna aliyemwomba radhi.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa hatuwezi kuambiwa kwamba teknolojia bado ni changa au kwamba nchi haina uwezo. Mfumo wa kielektroniki wa malipo ya serikali umeunganishwa na mabenki, na kampuni za simu, na taasisi za umma kuanzia wizara hadi halmashauri, na unafanya kazi vizuri. Vilevile, tulipotakiwa kusajili laini zetu kwa alama za vidole, na ukomo ukasogezwa kutoka mwisho wa Desemba 2019 hadi tarehe 20 Januari 2020, wakala aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara aliweza kuweka kidole cha mteja kwenye kifaa kidogo na kupata uthibitisho kutoka kanzidata ya vitambulisho vya taifa. Kwa hiyo mifumo inaweza kusomana pale serikali inapoamua isomane. Ni kwa nini basi uamuzi huo haufanyiki pale ambapo mwenye shida ni mwananchi?

Sheria nayo haikosekani. Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10 ya mwaka 2019, ndiyo iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuipa jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za serikali mtandao, pamoja na kuhimiza uzingatiaji wa sera, sheria, kanuni, viwango na miongozo katika taasisi za umma. Umejengwa hata mfumo maalumu wa taasisi hizo kubadilishana taarifa. Tuna Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, na tuna mkakati wa uchumi wa kidijitali unaoanzia 2024 hadi 2034. Nyaraka hizi zimeandikwa na watu wanaoijua kazi yao, na sitazibeza. Ninachouliza ni nani anayechukua nyaraka hizo mkononi na kwenda kwenye taasisi inayomdai mwananchi cheti ambacho serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokitoa, akaiambia kwamba kuanzia leo marufuku.

Ukitafuta jibu utagundua kwamba dhamana imegawanywa kiasi kwamba kila ofisi ina mahali pa kujificha. Sera iko kwa wizara inayosimamia mawasiliano na teknolojia ya habari. Serikali mtandao iko Ofisi ya Rais, kwenye Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Vitambulisho viko Mambo ya Ndani ya Nchi, vizazi na vifo viko Katiba na Sheria, na mifumo ya halmashauri iko TAMISEMI. Sisemi kwamba zote ziwekwe kwenye jengo moja, maana mgawanyo huo una sababu zake za kiutawala. Ninachodai ni kwamba awepo mmoja mwenye mamlaka juu ya wote katika jambo hili, ambaye akiulizwa hawezi kusema "hilo si letu".

Halafu kuna sentensi ambayo wateja wangu wameizoea kuliko salamu: "mfumo uko chini". Hakuna tangazo linalosema umeanza kusumbua lini, utarudi lini, wala kama muda utakaopotea utafidiwa. Mzee anatoka kijijini kwa bodaboda, analipa nauli ya kwenda na kurudi, anakaa kwenye benchi langu tangu asubuhi akitazama duara likizunguka kwenye kioo cha kompyuta, na jioni anaondoka. Tarehe ya mwisho haimsubiri. Mahakamani, hakimu akiugua kesi inaahirishwa. Kwenye mifumo yetu, seva ya serikali ikigoma anayeadhibiwa ni mwombaji.

Jambo jingine linalonitia hofu ni usalama wa taarifa za watu hawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Lakini kwa kuwa kila taasisi inataka vyeti vile vile vipakiwe upya, mwananchi analazimika kuvibeba kwenye flashi, kuvituma kwa WhatsApp kwa mtu asiyemfahamu, na kuviacha kwenye kompyuta za steshenari kama yangu. Wasio na simu huomba kutumia namba ya jirani kufungua akaunti, na wengi huniomba niwaandikie neno la siri nyuma ya risiti. Mimi huwafutia mafaili yao kila jioni, ila hakuna anayenikagua, na hakuna anayemkagua mwenzangu wa mtaa wa pili. (Na baadhi ya fomu hizo bado zinamuuliza maswali kwa Kiingereza mama anayeomba leseni ya genge la nyanya.)

Kwa hiyo ninadai yafuatayo kwa ofisi zinazohusika, na ninaomba mwenye nafasi ayafikishe. Taasisi ya umma izuiwe kumdai mwananchi waraka ambao taasisi nyingine ya umma inao tayari, na itakayokaidi itajwe hadharani. Kosa la uchapaji lililofanywa na mtumishi lirekebishwe bila malipo na bila kiapo, tena mahali pamoja, na marekebisho hayo yaende yenyewe kwenye rejesta nyingine zote. Kila mfumo uwe na ukurasa wa wazi unaoonyesha saa ulizokuwa umezima, na saa hizo ziongezwe kwenye muda wa maombi moja kwa moja, bila mwananchi kuandika barua ya kuomba huruma.

Wenye mifano kama hii kutoka mikoa mingine naomba muiweke hapa, mkieleza aina ya huduma, tarehe, na maneno hasa mliyoandikiwa na mfumo, bila kuweka namba za vitambulisho wala majina kamili ya waombaji. Nitaikusanya yote na kuiwasilisha kwa maandishi kwa mbunge wetu, ili aulize bungeni ni waziri yupi anayepaswa kusimama kuijibu.