Taa kubwa zinafifia gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), naomba ushauri
Wakuu, habari zenu. Gari langu ni la dizeli, mtindo wa 4x4, la mwaka 1998. Usiku likiwa sailensa taa kubwa zinafifia, nikikanyaga mafuta zinarudi. Ya kushoto huzima kabisa kwenye makorongo kisha inawaka yenyewe, na hapo hapo mshale wa mafuta nao unaanguka.

Betri ni mpya. Kwa mita napata volti 12.6 likiwa limezimwa, 14.1 nikikanyaga mafuta, kwa hiyo alteneta (inayochaji betri) siishuku sana. Fundi anataka kubadilisha nyaya zote (kwa bei hiyo nanunua ng'ombe!). Mimi nashuku ethi (nyaya za kurudisha umeme kwenye bodi na betri) zimeliwa na kutu, maana Tanga chumvi haina huruma.

Nianze kupima wapi: ethi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) au swichi ya taa?