Naomba ushauri: madogo wameokota ndege waliokufa ziwani, nina kuku nyumbani

Wakuu habari za saa hizi, nipo Mwanza naishi karibu kabisa na ziwa. Jana madogo walienda kuogelea wakarudi na ndege wawili wamekufa, wale weupe weupe wa ziwani, eti wanataka kuwachoma wale! Nikawafokea wakaenda kuwatupa nyuma ya banda, na banda lenyewe lina kuku wa kienyeji kama 30 na bata 4, hapo ndo nikachanganyikiwa.

Maana nakumbuka Januari 2017 Uganda, pale Lutembe karibu na Entebbe, ndege wahamiaji walikufa wengi, wakapimwa ikakutwa ni mafua ya ndege, na Masaka kuku na bata wa watu wakakumbwa. Ziwa si ndo hilihili.

Mizoga nimeifunika na ndoo sijaigusa, madogo nimewanawisha na sabuni, kuku na bata nimewafungia. Bimkubwa anasema napaniki bure, ni sumu ya wavuvi tu. Afisa mifugo nampigia hapokei.

Sasa nizike mwenyewe au nisubiri waje kuchukua sampuli? Na mayai tuendelee kula yakichemshwa vizuri au tuache kwanza? Mwenye uzoefu anisaidie, mdogo wa mwisho ameanza kukohoa usiku huu