Msaada wa fedha wa kupunguza gharama za nishati nyumbani: upi ni wa kweli?

Hajati wa Bombo aliuliza:

Assalam alaikum, na salamu kwa wanajukwaa wote. Ninaishi Bombo, Uganda, katika nyumba yangu mwenyewe pamoja na wanangu na wajukuu; jumla tuko watu sita. Tunapikia makaa, na maji ya kuoga tunayapata kwa hita ya bafuni inayotumia umeme wa Yaka, yaani mita ya kulipia kabla. Tangu ilipotolewa amri ya rais ya mwaka 2023 iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa wa kibiashara kaskazini mwa nchi, bei ya gunia imezidi kupanda huku gunia lenyewe likizidi kuwa fupi, na uniti za Yaka nazo huisha mwezi ukiwa bado mbichi.

Hivi karibuni alikuja kijana mwenye kitambulisho shingoni, akatueleza kwamba serikali inagawa fedha za kuboresha nyumba, yaani sola, jiko la kisasa na dari ya kuziba joto la mabati, na kwamba kila kaya itakabidhiwa fedha taslimu mkononi baada ya kulipa shilingi 30,000 za fomu. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani wa kijiji, anasema hana habari hiyo. Je, msaada wa namna hii upo? Na kama upo, mtu wa kawaida anaufikiaje?

Mhasibu wa SACCO, Mukono, alijibu:

Wa alaikum salaam, Hajati. Naomba usilipe hizo shilingi 30,000. Msaada upo, lakini haupiti njia hiyo, na ukishaijua njia yake utamtambua tapeli kabla hajamaliza salamu.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa kupanua upatikanaji wa umeme nchini, ambao pia una fungu la sola za majumbani na majiko safi. Fedha za ruzuku na mikopo husimamiwa na UECCC, kampuni ya serikali inayoshughulikia ugharimiaji wa nishati. Ruzuku hiyo hulipwa kwa muuzaji aliyesajiliwa katika mradi, tena baada ya kuthibitishwa kwamba bidhaa imemfikia mteja. Wewe unaiona kama punguzo la bei dukani. Kwa hiyo la kumwuliza muuzaji ni kama amesajiliwa, bei ya bidhaa ilikuwa ngapi kabla ya ruzuku, na kama punguzo litaandikwa kwenye risiti. Anayesitasita kuandika, mwache aende zake.

Wengine watakushauri uchukue fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, zile shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu kweli, lakini fedha hizo zimetengwa kwa shughuli za kuzalisha kipato, hasa kilimo na ufugaji, na si kwa vifaa vya nyumbani.

Ukilazimika kukopa kwenye SACCO, usiulize asilimia peke yake. Uliza inakokotolewa juu ya nini. Mkopo wa shilingi 600,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi, ukilipwa kwa miezi 12, unazaa riba ya shilingi 144,000 iwapo inahesabiwa juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, na ukawa unarejesha 50,000 za mkopo kila mwezi, riba yote ni shilingi 78,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti inakaribia nusu. Sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu pia ni mkopo, hata kama muuzaji halitumii neno hilo: jumlisha malipo yote uyalinganishe na bei ya taslimu, na ukumbuke kwamba usipolipa mtambo hujifunga.

Mama Salima, Arua, alijibu:

Shikamoo Hajati. Kuna majiko sanifu ya makaa na kuni yanayouzwa huku kwetu kwa bei ya chini mno, na watu hudhani ni sadaka. Mara nyingi kampuni inafidiwa kwa kuuza hati za kaboni, yaani vyeti vya moshi uliopunguzwa, ndiyo maana unaposaini fomu unaikabidhi haki ya kuuza upunguzaji huo wa moshi, na baadaye watakuja kukagua kama jiko linatumika kweli. Sioni ubaya wowote, mradi fomu usomewe kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia sahihi.

Fundi umeme, Jinja, alijibu:

Shikamoo Hajati. Wenzangu wamezungumzia ruzuku ya vifaa. Mimi naona unafuu mkubwa zaidi umo ndani ya Yaka yako, nao hauna fomu. Mamlaka ya umeme, ERA, imeweka bei kwa ngazi: uniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja, kisha hadi uniti ya 80 unalipa bei ya kawaida, ambayo imekuwa juu ya shilingi 700, halafu kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi shilingi 412, kabla ya kodi ya VAT. Ngazi hiyo iliwekwa makusudi ili watu wapikie umeme, kwa sababu nchi ina umeme wa ziada, hasa baada ya bwawa la umeme la Karuma lenye megawati 600. Ukivuka 150, bei ya kawaida inarudi.

Sasa tazama bafu lako. Hita ya kilowati 5 ikiwaka dakika kumi inakula zaidi kidogo ya uniti 0.8. Watu sita wakioga hivyo kila siku, zinakwenda karibu uniti 150 kwa mwezi, kabla hamjawasha hata taa. Ngazi ya kupikia inamezwa na bafu.

Hajati wa Bombo:

Ahsanteni sana wanangu. Kwa hiyo nianze na hita, jiko au dari? Hita ya maji ya jua nimeuliza bei, siiwezi.

Fundi umeme, Jinja:

Dari iache kwanza, Hajati. Kama hamtumii kiyoyozi, dari itawapa raha mchana lakini haitapunguza shilingi hata moja kwenye Yaka. Anza na maji: ndoo ya lita 10 ya uvuguvugu, ukichemsha sehemu kwenye birika na kuchanganya na ya baridi, inahitaji takriban robo uniti. Hapo nafasi ya kupikia itapatikana, na ndipo utafute presha kuka ya umeme, ikiwezekana kwa muuzaji mwenye ruzuku. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha kwa kawaida hayazidi nusu uniti. Kabla ya kuinunua, mwite fundi mwenye kibali cha ERA akague soketi ya jikoni, kwa sababu kifaa cha wati 1,000 hakifai kuchangia waya mmoja wa ekstensheni na friji.