Gego halina tundu, picha haionyeshi kitu, lakini naumwa upande mzima. Ning'oe?

Bundi Mchovu:
Wakuu, habari zenu. Mwezi wa pili huu naumwa magego ya juu upande wa kulia. Nikiulizwa ni lipi hasa, nashindwa: leo la nyuma kabisa, kesho la mbele yake. Asubuhi ndiyo balaa, taya zito kana kwamba nimetafuna mpira usiku kucha, na mapanja yanagonga. Mchana hutulia. Daktari wa meno kagongagonga moja moja, kapiga picha, haoni tundu wala usaha. Akauliza kama nasaga meno usiku, nikakataa katakata. Kufika nyumbani mwenzangu akacheka: eti miaka yote hii analala na kinu. Sasa kusaga tu kunaweza kuleta maumivu haya, au ning'oe hili la nyuma yaishe?

Pengo Moja:
USING'OE. Mimi niling'oa gego zima kwa hasira, wiki mbili baadaye maumivu yakahamia kwa jirani yake. Jina langu hapa unaliona.

Fundi Kinywa:
Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno. Jino halijagandishwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzinyuzi laini zinazohisi kila mgandamizo. Ukizikandamiza usiku kucha zinauma kama kifundo cha mguu kilichoteguka, na picha haitaonyesha tundu kwa sababu hakuna tundu.

Jambo la pili ni misuli. Weka vidole mashavuni, kaza meno, utausikia unaotuna. Mwingine uko kwenye panja. Ikichoka hupeleka maumivu kwenye meno, hata yasiyo na kosa. Sasa legeza taya, bonyeza hapo kwa nguvu kidogo. Ukiona "jino" linauma, umempata mchawi.

Hata hivyo usipuuze. Enameli, lile gamba gumu la nje la jino, ikilika hairudi, na ndiyo hapo maji baridi yanapoanza kukutia ganzi. Na kama ni jino moja tu linalochoma kama kisu pale unapoachia baada ya kuuma kitu, linaweza kuwa na ufa. Ufa mara nyingi hauonekani kwenye picha, kwa hiyo mwambie daktari autafute. Uvimbe au homa, usingoje.

Bundi Mchovu:
Lahaula! Nimebonyeza shavu, maumivu yameruka mpaka kwenye gego lile lile nililotaka kung'oa. Na ulimi wangu una alama za meno pembeni, nilidhani ndivyo nilivyoumbwa.

Mama Kalamu:
Pole mwaya. Mimi sisagi usiku, nakaza mchana nikiwa kwenye kompyuta, kimya kimya, bila kujijua. Meno hayatakiwi kugusana ukiwa umetulia. Ni wakati wa kutafuna na kumeza tu. Nimebandika kikaratasi kwenye skrini: midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi ulale juu. Ofisini wanadhani ni sala. Jioni naweka kitambaa cha moto mashavuni.

Kinga Ngumu:
Omba kinga ya meno ya kuvaa usiku, ile inayotengenezwa kwa kupimwa kinywa chako. Haikuzuii kusaga, inapokea kipigo badala ya meno. Nilianza na ya kununua, laini, nikaitafuna kama chingamu ikatoboka.

Punguza pia kahawa ya jioni, pombe na sigara. Baadhi ya dawa za sonona nazo huchochea, ila usiache dawa kwa kichwa chako, ongea na aliyekuandikia. Halafu muulize mwenzako: unakoroma? Unakata pumzi usingizini? Hilo huambatana na kusaga, na linahitaji daktari wake.

Bundi Mchovu:
Nakoroma, nimethibitishiwa kwa furaha kubwa. Alhamisi napimwa kinga, na ufa nitauulizia. Gego linabaki. Mwenzangu anauliza kama wanatengeneza na ya masikio yake.