Mjadala: Tukipunguza ukubwa wa apu, nani anaamua kipi si cha lazima?

Wadau wa Nairobi mnaotengeneza apu, hii kitu tuiongee wazi. Wiki hii timu yetu imebishana hadi saa mbili usiku, upande mmoja unasema apu kubwa ni kumkosea mtu wa Kayole anayenunua bando ya shilingi ishirini, upande mwingine unasema simu siku hizi zina nafasi na kukatakata msimbo kunaleta bagi, yaani hitilafu, tu. Mimi niko na wale wa kukata, lakini kuna kitu tunakata ambacho hakifai kuguswa, na hapo ndipo nataka mnipinge.

R8 kwanza, ile zana ya kupunguza msimbo wa apu. Tangu 2019 iko ndani ya vifaa vya kubildi vya Android, ukiwasha mpangilio wa minifyEnabled inaanzia pale apu inapoingilia, inafuata nani anamwita nani, chochote kisichofikiwa kinatupwa na kilichobaki kinapewa majina mafupi. Sasa umetumia fankisheni mbili za laibrari, mbona umbebeshe mteja laibrari nzima? Watu wa lugha ya C wanaijua hii kitambo, unampa kompaila -ffunction-sections halafu linka, ile inayounganisha vipande vya programu, unaipa --gc-sections, na zile fankisheni zisizoitwa na mtu zinaachwa nje.

Wanaopinga wana hoja, sikatai. Msimbo unaoitwa kwa jina lililoandikwa kama maandishi, ile riflekshoni, R8 haiuoni. Ukijaribu toleo la debug, lile la majaribio, kila kitu kiko sawa, ukitoa rilisi, toleo la wateja, namba ya mteja inakuja tupu kwa sababu Gson, laibrari inayosoma data ya seva, inatafuta jina fupi a na seva imetuma phone. Ilitupata, tulikesha. Lakini dawa iko, andika kanuni za keep za kuiambia R8 nini isiguse, jaribu rilisi yenyewe kwa simu ya kweli kabla ya kuituma, na uhifadhi mapping.txt ya kila toleo, faili inayoonyesha kila jina fupi lilikuwa nani, la sivyo ripoti za kukrashi zinakuja a.b.c na hakuna wa kuzisoma. Kuzima R8 yote juu ya hiyo ni uvivu.

Penye naumia ni lugha. Laibrari zinakuja na tafsiri za lugha nyingi sana, kuzitupa ni sawa kabisa. Mwenzetu akaandika resConfigs "en" peke yake, yaani kibaki Kiingereza tu, na Kiswahili chetu kikaenda nazo. Faili lote la Kiswahili lilikuwa kilobaiti chache, picha moja ya ukurasa wa kwanza ililishinda mbali! Mama mmoja wa Gikomba anayeweka pesa za chama kwa hiyo apu akapiga simu, "kijana wangu, mbona mmenibadilishia, sioni pa kulipia."

Na usidhani App Bundle, ule mfumo wa kufungasha apu, inakuokoa. Tangu Agosti 2021 apu mpya kwa duka la Google Play lazima zije hivyo, na Play inaipa kila simu kipande chake tu, cha chipu yake, skrini yake, lugha yake. Lakini lugha inasomwa kwa mipangilio ya simu, na hapa kwetu nyingi zinatoka maduka ya simu ya barabara ya Luthuli zikiwa kwa Kiingereza na zinabaki hivyo. Kwa hivyo kama apu yako ina kitufe cha kubadilisha lugha, mtu anabonyeza Kiswahili na Kiswahili hakipo kwa simu yake. Kwenye mipangilio ya bundle, upande wa language, weka enableSplit = false ili lugha zote ziende kwa kila simu, kilobaiti utakazoongeza hakuna atakayezihisi.

Kuna wanaosema tutupe pia armeabi-v7a, msimbo wa chipu za biti 32, maana simu hizo zimekwisha. Ndugu, hazijaisha, zile za bei ya chini bado ziko mikononi mwa watu, na wenyewe ndio hatuachi kusema tunawapunguzia mzigo. Na ukitumia App Bundle mwenye simu ya arm64, ya biti 64, hashushi hiyo faili hata, sasa unamwokolea nani? Wewe kwa timu yenu, nani anakaa chini kuamua nini kinakatwa, na ameshashika simu ya mteja?